Mzigo wa Anayeuguza
Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeniagiza niseme mbele yenu juu ya jambo ambalo halimo katika hesabu zetu za mwaka, nalo ni hali ya wale wanaowauguza waume zao au wake zao waliopata ulemavu mkubwa. Naishukuru Kamati kwa heshima hiyo.

Katika mitaa yetu, tangu Kaloleni na Makongeni hata Umoja na Kayole, watu hawa wako. Mmoja ameanguka kutoka juu ya jengo alilokuwa akilijenga, akavunjika uti wa mgongo. Mwingine amegongwa na gari. Mwingine amepigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa, na usemi ukapotea. Hospitali humtibu kadiri iwezavyo, kisha humrudisha nyumbani. Tangu siku hiyo, kazi iliyokuwa ikifanywa na wauguzi kwa zamu, mchana na usiku, huangukia mikono ya mtu mmoja, asiye na zamu, wala mshahara, wala likizo.

Yafaa tuijue kazi yenyewe. Asiyeweza kujigeuza kitandani hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, hata usiku wa manane, ili damu ipite na ngozi isioze. Asipogeuzwa, hutoka vidonda kiunoni, matakoni na visiginoni, na vidonda hivyo vikiingia uchafu vyaweza kumwua. Hana budi kuoshwa, kulishwa akiwa ameinuliwa kifua ili chakula kisimpalie, kusafishwa haja zake, na kunyoshwa viungo ili visikakamae. Tena mtu mzima ni mzito. Mke amwinuaye mumewe peke yake kila siku huumia mgongo naye, na nyumba iliyokuwa na mgonjwa mmoja huwa na wawili. Na kwa wakaao katika majumba ya ghorofa yasiyo na lifti, kumshusha mgonjwa aende kliniki ni kazi ya wanaume wanne.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twapita mlangoni na kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Twajibiwa, "Twamshukuru Mungu," nasi twaenda zetu. Hatumwulizi yule aliyejibu kama alipata usingizi.

Wazee wangu, niruhusuni niseme neno zito kidogo. Chama chetu, kama vyama vingi vya mji huu tangu siku za ukoloni, husifika hasa kwa mazishi. Mwanachama akifa, jioni ile ile twakutana, daftari hufunguliwa, na katika siku chache fedha za sanduku, za chumba cha maiti, na za gari la kumpeleka kwao zimekwisha patikana. Hiyo ni sifa njema, wala sitaki ipungue. Lakini kanuni zetu hazina hata sentensi moja juu ya mwanachama aliye hai, aliyelala kitandani miaka sita, ambaye mkewe ameacha kuuza mboga sokoni ili amwuguze. Mtu huyo akifa leo, tutamtolea kwa juma moja fedha nyingi kuliko zote tulizompa kwa miaka hiyo sita.

Najua yatakayosemwa. Mmoja atasema, "Na apelekwe kwao mashambani." Mashambani kuna hewa njema, lakini mara nyingi hospitali iko mbali, na watakaomwinua ni wazazi waliokwisha zeeka. Mwingine atasema ya kwamba kumwuguza mume ni wajibu wa mke. Ni kweli, lakini wajibu haukatazi msaada. Tena wako wanaume wanaowauguza wake zao, nao huongezewa taabu ya pili, yaani kuchekwa kwa kuwa wafua nguo na kupika. Mzee akimheshimu mtu wa namna hiyo hadharani, wanaocheka watanyamaza.

Tena iko misaada ambayo watu wetu hawaifikii. Serikali, kwa mpango wa Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba maskini zilizoandikishwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa wakati wote. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, huandikisha watu na kuwapa kadi baada ya kupimwa na daktari. Kile chama kiitwacho kwa ufupi APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu. Lakini mtu asiyeweza kutoka nyumbani hata saa moja atapanga foleni lini? Hapo ndipo chama kinapohitajika.

Kwa hiyo naleta mashauri matano.

Kwanza, kila mtaa uandike orodha ya nyumba zenye mgonjwa wa namna hii, kwa idhini ya wenyewe.

Pili, wanachama wawili wawili washike zamu kila Jumamosi alasiri, ili mwenye kuuguza apate saa nne za kulala, kwenda sokoni au kanisani au msikitini. Wanaume wawahudumie wanaume, na wanawake wawahudumie wanawake. Kabla ya kuanza, wafundishwe na muuguzi namna ya kumwinua na kumgeuza mgonjwa pasipo kumwumiza.

Tatu, Karani apewe kazi ya kufuatilia karatasi za uandikishaji kwa niaba yao.

Nne, sehemu moja ya kumi ya mfuko wa mazishi itengwe kwa magodoro, nepi za watu wazima, sabuni, na nauli ya kliniki. Sehemu tisa zitabaki kama zilivyo, kwa hiyo asiwepo wa kuhofu ya kwamba atazikwa vibaya.

Tano, mgonjwa mwenyewe aulizwe kwanza. Mwili umelala, lakini angali baba au mama wa nyumba ile. Tusizungumze habari zake juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hakuna katika ukumbi huu ajuaye kiharusi au ajali itabisha hodi kwa nani mwakani. Shauri la nne lataka kanuni ibadilishwe, na kanuni haibadiliki ila kwa kura zenu. Nawaomba msiliahirishe hadi mkutano ujao, kwa maana wenye kungoja hawana usingizi.

Naomba kutoa hoja.