Kodi ya Utajiri na Mlango wa Uani



Nimeombwa nizungumze juu ya kodi ya utajiri, nami nimechagua kuieleza kwa mfano wa India. Nchi hiyo iliitoza kodi hiyo kwa karibu miaka sitini, tangu 1957 hadi 2015, na kwa hiyo twaweza kuitazama kuanzia kuzaliwa hadi kufa kwake. Juu ya viwango sitasema mengi. Viwango hutangazwa bungeni kwa sauti kubwa, na sisi waandishi wa magazeti huvichapa kwa herufi nene. Nitazungumzia misamaha, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo katika vifungu vya nyuma, kwa kuwa humo ndimo wenye mali wanamopita.

Mwaka 1956 Nicholas Kaldor, mchumi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliitolea Serikali ya India taarifa juu ya marekebisho ya kodi. Alishauri kodi kadhaa zitozwe kwa pamoja: ya utajiri, ya matumizi, ya zawadi, na ya faida itokanayo na kuuza mali. Shabaha yake ilikuwa kila kodi imlinde mwenzake, ili mtu akificha pato lake lionekane katika mali yake, na akiigawa mali kwa nduguze ionekane katika zawadi. Bunge lilipitisha sheria hizo, lakini walinzi wakaondoka mmoja mmoja. Kodi ya matumizi ilifutwa 1962, ikarudishwa 1964, ikafutwa tena 1966. Kodi ya urithi, iliyokuwapo tangu 1953, ilikoma 1985, na ile ya zawadi 1998.

Sasa tuuangalie msamaha wa kwanza, ule wa dhamana za Serikali. Hoja ya Hazina ni nyepesi kueleweka: Serikali inahitaji kukopa ili ijenge mabwawa na viwanda, basi anayeikopesha asamehewe kodi kwa fedha alizoikopesha. Ni hoja yenye sura ya uzalendo, na ndiyo maana ni wachache wanaoipigia hesabu.

Tuipigie hesabu hapa. Tuseme dhamana inatoa riba ya shilingi 6 kwa kila 100, na nyumba ya kupangisha inatoa kodi ya nyumba kiasi hicho hicho. Tajiri mkubwa anatozwa kodi ya utajiri ya shilingi 2 kwa kila 100. Nyumba inambakizia 4. Dhamana inambakizia 6 kamili. Msamaha umempa shilingi 2. Tajiri wa kadiri, anayetozwa nusu shilingi, amepewa nusu shilingi. Mwalimu aliyejinyima akanunua dhamana moja, ambaye mali yake yote haifikii kiwango cha kutozwa kodi, hakupewa kitu. Karatasi ni ile ile, imetolewa na Serikali ile ile, lakini inalipa malipo matatu tofauti, na makubwa kuliko yote yanamwendea aliye tajiri kuliko wote. Waziri angepeleka bungeni mswada wa kumlipa tajiri riba kubwa kuliko mwalimu, ni mbunge gani angethubutu kuuunga mkono? Ukiitwa msamaha unapita bila mjadala. Wala jambo hili si la India peke yake. Kenya ilipoanza kuuza hatifungani za miundombinu mwaka 2009, riba yake ilisamehewa kodi ya mapato. Kodi ni nyingine, hesabu haibadiliki.

Haki itendeke: watunga sheria wa India waliiona hatari hiyo. Waliweka kikomo cha jumla kwa dhamana, akiba na hisa zilizosamehewa, kwanza rupia 150,000, kisha kikapandishwa hadi 500,000. Hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini mwaka 1981 Serikali hiyo hiyo ilitoa hatifungani maalumu zisizoandikwa jina la mwenyewe. Ukilipa rupia 10,000, baada ya miaka kumi unarudishiwa 12,000. Huulizwi fedha ulizipata wapi, na kodi ya utajiri haizigusi. Shabaha ilikuwa kuzitoa mafichoni fedha za magendo. Wananchi walikwenda Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo kupinga, na mwaka huo huo mahakama ikaikubali sheria kwa wingi wa majaji, Jaji A. C. Gupta peke yake akikataa. Rupia 2,000 kwa miaka kumi ni faida duni mno. Aliyezinunua alikuwa ananunua kutoulizwa, naye aliyelipa kodi yake kwa uaminifu miaka yote hakuwa na cha kununua pale.

Msamaha wa pili ni mgumu zaidi, na hapa naomba tusihukumu haraka. Ni ule unaomhusu mtu aliyepewa haki ya kuitumia mali muda wote wa uhai wake, bila ya haki ya kuiuza wala kuirithisha. Ndugu zetu wa pwani wanaojua mambo ya wakfu wataelewa upesi: matunda ni yako, mti si wako. Mume anafariki, wosia unasema mjane akae katika nyumba hadi afe, kisha iwe ya watoto. Kumtoza mama huyo kama mwenye nyumba ni ukatili, maana ili alipe ingembidi auze kisicho chake. Sheria ya India ilimtoza kwa thamani ya haki yake tu. Walichukua wastani wa pato la mali hiyo kwa miaka mitatu, wakauzidisha kwa kipimo kilichotokana na umri. Kadiri umri ulivyosonga, ndivyo thamani ilivyopungua. Mimi naona utaratibu huo ulikuwa wa haki.

Lakini kifungu kinachomstiri mjane hakimfungii mlango mwana wa mfalme. Mir Osman Ali Khan, Nizam wa Hyderabad, aliyehesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa dunia, aliweka mali yake nyingi katika amana za familia baada ya dola yake kuingizwa India mwaka 1948. Jamaa mmoja ana haki ya maisha, mwingine anasubiri zamu yake. Haki ya kwanza thamani yake ni ndogo kwa kuwa ina mwisho. Ya pili ni ndogo kwa kuwa bado haijafika. Ukizijumlisha, hazifikii thamani ya mali yenyewe! Mwaka 1977 mahakama ya juu iliamua, katika kesi ya wadhamini wa mojawapo ya amana hizo, kwamba wadhamini watozwe kwa kadiri ya haki ya kila mnufaika. Ile tofauti ikabaki hewani. Mwaka 1980 Bunge likaongeza kifungu kwamba tofauti hiyo itozwe mikononi mwa wadhamini. Sentensi hiyo moja iliandikwa miaka 23 baada ya sheria kupitishwa, na mjane hakuongezewa hata senti.

Kuanzia 1993 dhamana, hisa na akiba za benki ziliondolewa kabisa katika hesabu, kwa hoja kwamba ni mali zinazozalisha. Zikabaki vito, magari, viwanja vya mijini na mali nyingine za namna hiyo. Katika mwaka wa fedha 2013/14 kodi nzima ilikusanya rupia bilioni 10.08, na mwaka 2015 Waziri wa Fedha, Arun Jaitley, akaifuta kwa maelezo kwamba gharama za kuikusanya ni kubwa na mavuno ni haba. Mahali pake aliweka nyongeza ya asilimia 2 kwa wenye pato la kutozwa kodi linalozidi rupia milioni 10 kwa mwaka. Nyongeza hiyo ilikuwa ya pato. Almasi iliyofungiwa kabatini na kiwanja cha mjini kilichoachwa kiote majani havina pato, na tangu mwaka huo havikudaiwa tena kodi ya utajiri.