Eropleni Gani Inafaa kwa Safari Hii?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa idara ya mizigo na mafuta)



Tumeombwa kusema machache juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona ni la kuchekesha tu, nalo ni mizaha ya marubani wanapochagua eropleni ya safari. Sisi tulio katika kazi ya kupakia mizigo na kutia mafuta pale Wilson twaisikia mizaha hiyo kila siku, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka jua linapotua. Rubani amesimama chini ya bawa na kikombe chake cha chai, mwenzake anafika, na hapo maneno yanaanza. Mgeni akiwasikia atadhani watu hawa hawana kazi. Lakini ukiwasikia siku nyingi utajua kwamba chini ya kicheko pana hesabu, na hesabu yenyewe yatuhusu, maana mikono inayoweka uzito ndani ya ndege ni mikono yetu.

Tuanze na mzaha ulio mzee kuliko yote. Abiria anamwuliza rubani, "Bwana, ndege gani nzuri ya kunifikisha Kisumu upesi?" Rubani anamjibu, "Ukiwa na haraka, panda ndege. Ukiwa na haraka sana, panda basi." Marubani wa dunia nzima wana mzaha wa namna hii, kila nchi na gari lake. Hakuna anayedai kuwa basi lina mbio kupita ndege. Ni kwamba ndege ndogo husubiri mawingu yapande, husubiri mvua ipite, na mtu mwenye haraka ndiye amsukumaye rubani aondoke na ndege isiyofaa katika hewa isiyofaa. Basi rubani huanza kwa kicheko ili abiria azoee neno "hapana" kabla hajaambiwa.

Halafu kuna ugomvi wa mabawa. Wenye eropleni za bawa la juu, kama Cessna, huwaambia wenye bawa la chini, kama Piper nyingi, kwamba wao wananyeshewa mvua wakati wa kupakia. Wenye bawa la chini hujibu kwamba wao wana kibaraza cha kukanyagia, na hawahitaji ngazi ili kutia mafuta. Sisi watia mafuta tunaopanda ngazi twawaunga mkono hawa wa pili! Lakini akija mtalii anayetaka kuona tembo, au safari ikiwa ya kiwanja cha murramu chenye vichaka kandokando, kama vile vya Maasai Mara, bawa la juu lina faida iliyo wazi: halimzibi mtu macho, na haligongi kichaka. Mzaha unakwisha hapo, na ndege inachaguliwa.

Sasa tuje kwenye mzaha tunaoupenda sisi wa mizigo. Rubani mmoja husema, "Ndege ya viti vinne ni ndege ya watu watatu, na wawili kati yao wawe wembamba." Watu hucheka. Basi tufanye hesabu pamoja. Chukueni Cessna 172, ndege ya viti vinne inayojulikana pengine kuliko nyingine zote duniani; zimetengenezwa zaidi ya 40,000 tangu miaka ya 1950. Moja ya aina zake hairuhusiwi kuondoka ikiwa na uzito kupita kilo 1,043. Ndege yenyewe tupu ina kilo 650 hivi. Zinabaki takriban kilo 390. Jazeni matangi: mafuta peke yake ni karibu kilo 115. Sasa zimebaki kilo 275. Wapandisheni watu wazima wanne wa kilo 80 kila mmoja, nao ni kilo 320. Zimezidi kilo 45, na bado hatujatia hata mkoba mmoja. Kwa hiyo marubani husema: watu wote, mizigo yote, mafuta yote, chagua mawili. Na kwa ndege hiyo tuliyoipigia hesabu, hata mawili ni mengi.

Ndipo watu huuliza, "Kwa nini asipunguze mafuta?" Atapunguza, ikiwa huko aendako mafuta yapo. Hapa pana jambo ambalo watia mafuta walijua vizuri kuliko abiria. Eropleni za injini za pistoni hunywa petroli ya ndege, ile tunayoijua kwa rangi yake ya buluu. Eropleni za tabaini, kama Caravan, hunywa mafuta ya jeti, ndugu yake mafuta ya taa. Ukimpa mmoja kinywaji cha mwingine, hasa ukiitilia ya pistoni mafuta ya jeti, injini itazima, na huenda izime wakati ndege imekwisha kuacha ardhi. Marubani husema kuhusu kuchagua ndege, "Kwanza uliza anakunywa nini, halafu uliza kama baa iko njiani." Petroli ile ya buluu haipatikani kila mahali. Basi mara nyingine ndege iliyo nzuri kwa uzito haifai kwa sababu itafika na kukwama huko, na rubani wake atalala chini ya bawa.

Tena wana msemo kwamba mafuta hayawezi kuzidi ndani ya ndege, isipokuwa siku ndege inapowaka moto. Mzaha huu ni mzuri, lakini sisi wa mizigo tunaweza kuubishia. Mafuta yanaweza kuzidi pia ikiwa kiwanja ni kifupi.

Tukumbuke tulipo. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini ya petroli ya kawaida hupoteza nguvu kiasi cha sehemu 3 katika 100 kwa kila futi 1,000 inazopanda. Kwa hiyo injini yenye nguvu za farasi 160 kule Mombasa, ikiwa Nairobi inabaki na farasi 130 na kidogo. Marubani husema farasi wale wengine walishuka Voi. Ikifika saa nane mchana na joto la digrii 28, hewa ya Wilson inakuwa nyepesi kana kwamba uwanja umepandishwa juu ya futi 8,000. Si injini tu inayodhoofika. Bawa nalo na propela hupata hewa kidogo ya kushika. Ndiyo sababu rubani mwenye mzigo mzito hutaka kuondoka alfajiri, na ndiyo sababu tunaamshwa usiku. Tukinung'unika juu ya zamu ya alfajiri, na tuna haki ya kuinung'unikia ikiwa hakuna gari la kutuleta kazini, tujue walau kwamba haikutungwa kwa kutuonea.

Marubani wana hesabu zao za haraka kuhusu kuondoka. Uzito ukiongezwa sehemu 10 katika 100, mbio za chini mpaka kupanda huongezeka karibu sehemu 20. Kila futi 1,000 za mwinuko huongeza 10. Kila digrii 10 za joto huongeza 10 nyingine. Majani marefu na matope huongeza zaidi. Hesabu hizi hazijumlishwi kwa upole, moja hupanda juu ya mgongo wa nyingine. Sanduku la kilo 30 ambalo abiria amesema ni kilo 15 tu linakula kiwanja, na kiwanja chenyewe hakirefuki.

Wengine mtasema, basi achukue ndege yenye injini mbili. Hapo mtapewa mzaha mkali kuliko yote: "Injini moja ikifa, kazi ya ile ya pili ni kukufikisha mahali pa ajali." Ni neno la kutisha, lakini lina ukweli wake. Baadhi ya zile ndege ndogo za petroli zenye injini mbili, zikipoteza moja huku juu kwetu wakati wa joto, haziwezi kupanda tena. Zitashuka polepole tu. Ndiyo maana Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo ina injini moja tu ya tabaini, imekuwa mtumishi mkubwa wa viwanja vyetu vya murramu. Vijana wa urubani huicheka kwamba ni punda, haina mbio wala haina urembo. Wakishaipeleka Mara mara mia, na kupita chini kwanza ili kuwafukuza punda milia kiwanjani, hawaicheki tena.

Jambo hili la kuchagua si geni hapa. Bibi Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja wetu umepewa jina lake tangu 1962, alianzisha kampuni yake ya ndege Nairobi mwaka 1929 kwa eropleni ndogo ya Gipsy Moth, ya watu wawili wanaokaa wazi katika upepo. Kwa kuchukua barua na mtu mmoja ilitosha. Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, alipotaka kuvuka bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza mwezi wa Septemba 1936, hakuchukua ndege ya kutafutia tembo. Alichukua Vega Gull iliyotiwa matangi ya ziada, akaruka peke yake zaidi ya saa 21. Mafuta yakakatika njiani kwa sababu ya barafu, akaangukia katika kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, na akapona. Alikuwa anakwenda New York. Kwa hiyo hata ndege ifaayo haikumfikisha alikotaka, lakini ilimvusha bahari.

Madaktari Warukao, ambao kazi yao ilianza mwaka 1957 na ambao ni majirani zetu pale Wilson, wanayo mafundisho mazuri juu ya jambo hili. Wanazo jeti, tena wanazo Pilatus za injini moja. Mtu asiyejua atadhani mgonjwa mahututi hupelekewa jeti sikuzote kwa kuwa ina mbio. Lakini ikiwa mgonjwa amelala kando ya kiwanja cha udongo huko kaskazini, jeti itapita juu yake tu. Atachukuliwa na ile ya propela, inayoweza kutua katika mchanga na mawe. Ndege bora kwake ni ile inayoweza kufika alipo.

Ndugu wanachama, kuna siku ambazo hakuna anayecheka. Tarehe 24 Januari 2003 ndege ya Gulfstream ya injini mbili, iliyowachukua mawaziri, iliondoka katika uwanja mdogo wa Busia, ikagonga nyaya za umeme, ikaanguka. Marubani wote wawili walikufa. Akafa pia Waziri wa Kazi, Bwana Ahmed Khalif, aliyekuwa hajamaliza mwezi mmoja katika wizara hiyo. Wafanyakazi wa nchi hii walimpoteza waziri wao kabla hawajamzoea. Tangu hapo, tukisikia rubani anauliza urefu wa kiwanja mara ya pili na ya tatu, hatumwoni mwoga.

Sasa tuseme yetu. Yuko bwana mmoja mwenye ndege, hatumtaji, ambaye kila safari jibu lake lilikuwa moja: "Ndege inayofaa ni hiyo iliyopo." Marubani waliugeuza msemo wake kuwa mzaha. Lakini wakati wa kupakia haukuwa mzaha. Siku moja rubani kijana, mgeni kazini, alisimama anatazama magunia na masanduku, anacheka peke yake, anasema, "Leo tutakwenda kwa barabara, magurudumu yapo." Mpakizi mmoja wetu alimwelewa. Hakusema neno, alikwenda akavuta mizani, akaanza kupima kila kitu upya mbele ya watu wote na kuandika. Jumla ilipita kiasi cha karatasi. Kwa sheria ya anga neno la mwisho ni la rubani, wala si la mwenye ndege, lakini kijana yule alihitaji namba ya kushika mkononi. Aliipata. Magunia sita yalibaki chini, na bwana yule alitutukana sote kwa zamu.

Tena, uzito si wingi tu, ni mahali pia. Wanaopakia Caravan wanajua kwamba ukianza kujaza nyuma kabla ya mbele, ndege hukaa kitako mbele ya abiria, nao abiria hurudi nyumbani. Ndiyo sababu ya ule mti wa kuegemeza mkia, na ndiyo sababu mtu asihamishe mzigo nyuma ili tu mlango ufungike. Ndege iliyoelemewa mkiani chini huchekesha. Ikiwa juu, rubani hawezi kuishusha pua.

Mkisikia mzaha wakati wa kupakia, tazameni uso wa rubani, halafu tazameni mizani. Na atakayewaambia "andika kumi na tano tu, ni begi dogo," mwambieni aliweke begi lake pale juu tulisome sote.

Tumemaliza upande wetu. Ndugu yetu fundi wa magurudumu atasema baada ya chai habari za matairi na viwanja vya mawe, na ametuonya kwamba mizaha yake ni mibaya kuliko hii.