Kijana Huitika Jambo Linalomgusa
(Hotuba ya walimu, Siku ya Mtoto wa Afrika)



Leo tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto, 16 Juni 1976. Wazulu, Wasotho na Watswana waliandamana pamoja kwa sababu walilazimishwa kusoma kwa lugha ya Makaburu. Jambo liliwagusa wote, wakaingia katika siasa.

Hapa kambini Wakongomani na Warundi tunapanga foleni moja bombani. Kijana akiulizwa habari za bomba hilo, anakuja mkutanoni. Asipoulizwa, atamsikiliza anayemwita kwa kabila lake. Nasi tunajua wito huo ulitufikisha wapi.

Wazee wetu, tunawaomba: vijana wapewe viti katika kamati, na kura pia.