Taa Itazame Chini



Mhadhara huu umezaliwa na hasira. Mwaka jana, katika kikao cha mipango hapa Mbarara, nilipendekeza tuandike sheria ndogo ya taa za nje kabla nguzo nyingine hazijachimbiwa: taa iwe kali kiasi gani, ielekee wapi, izimwe saa ngapi. Mhandisi mmoja, mtu ninayemheshimu, alicheka. Akasema kudhibiti taa ni maradhi ya wenye nazo. "Wazungu wameshiba mwanga, sasa wanatamani nyota. Sisi shida yetu ni giza. Kama unataka kudhibiti, nenda Nakivale ukadhibiti giza." Alikuwa anayasema makazi ya wakimbizi yaliyo jirani yetu. Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, maana ilichekesha kweli.

Kicheko kilinikauka nilipofika nyumbani. Nimepanga upande wa Kakoba. Nyuma ya ua wangu pana hosteli ya ghorofa tatu, na kwenye pembe ya paa lake imefungwa taa bapa ya LED inayotazama mbele, kwangu. Kuanzia magharibi hadi alfajiri, kivuli cha nondo sita za dirisha hulala ukutani juu ya kitanda changu kama mimi ndiye mfungwa. Jogoo wa jirani huwika saa tano usiku. Nilimwendea mwenye hosteli, akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, ile ni ya usalama." Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu. Yeye aliniuliza swali lililonishinda: "Nimsomee sheria gani?"

Angekuwa ananipigia muziki, sheria ningekuwa nayo. Kanuni za kelele za mwaka 2003 ziliweka viwango vya desibeli, tena vya mchana mbali na vya usiku. Sikio la Mganda lina kanuni. Jicho lake limeachiwa pazia.

Sasa nimrudie mhandisi, na nitakaa naye kwa muda. Hoja yake imejengwa juu ya dhana kwamba udhibiti huja baada ya wingi: kwanza tupate taa, tukishazidiwa ndipo tuzipunguze. Hivyo ndivyo mtu anavyofikiri juu ya chumvi. Nguzo ya taa haiko kama chumvi. Tazameni barabara zetu za mjini zilizojengwa kwa mradi wa USMID, ule wa fedha za Benki ya Dunia ulioanza 2013. Taa hazikuja moja moja kadiri watu walivyozihitaji. Zilikuja kwa mkataba, barabara nzima kwa pamoja, na namna zilivyoinamishwa siku ile ndivyo zilivyo leo. Mradi huohuo baadaye ulipanuliwa hadi wilaya zinazopokea wakimbizi, Isingiro ikiwamo. Kwa hiyo anayengoja wingi ndipo aandike sheria atajikuta anaisomea zege lililokwisha kukauka.

Atasema Nakivale haina mji wa kupangwa.   Lakini Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Nchi nzima: High Street na Nyamitanga hapa Mbarara, na pia Base Camp, Juru na Rubondo kule Nakivale. Ugumu wa kweli uko penginepo, na mhandisi hakuugusa. Kanuni za taa za ng'ambo humshika mwenye kiwanja. Mkimbizi, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006 na kanuni zake, ana haki ya kuitumia ardhi aliyopewa makazini. Si mali yake. Ardhi iko mikononi mwa Ofisi ya Waziri Mkuu, nguzo imeletwa na mfadhili, kibanda ni cha Msomali, aliyepanga kibanda ni Mkongo, na mwanga wenyewe unaangukia kitanda cha Mrundi. Nani aambiwe ainamishe taa? Swali hilo lingestahili kikao kizima. Sisi tulilimaliza kwa kucheka.

Niruhusuni sasa niingie kwenye kitu ninachokipenda, na wanafunzi wangu wanajua nikianza hapa siachi. Mwaka 1958 Nakivale ilifunguliwa kupokea wakimbizi. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, baraza la mji wa Flagstaff, Arizona, lilipitisha sheria inayotajwa kuwa ya kwanza duniani ya kudhibiti taa za nje. Flagstaff haukuwa mji ulioshiba. Ulikuwa mji wa reli na magogo, wenye watu wasiofika 20,000. Lakini mlimani palikuwa na Lowell, kituo cha kutazama nyota kilichojengwa 1894, ambako Clyde Tombaugh aliigundua Pluto mwaka 1930. Wafanyabiashara wa enzi ile walikuwa na mtindo wa kuvuta wateja kwa kurunzi kubwa zilizofagia anga usiku. Baraza likazipiga marufuku. Adhabu: faini ya hadi dola 300, au siku 90 gerezani.

Siku tisini kwa sababu ya kurunzi! Kila nikisoma habari hii napenda kuona walichokiacha. Hawakuzima taa za watu. Hawakupiga vita umeme. Walishika aina moja ya mwanga, ule unaotupwa juu pasipo na mtu wa kuuhitaji, wakasema huo hapana. Walidhibiti mapema, wakiwa wachache na kurunzi zikiwa chache, na kwa hiyo haikuwagharimu. Mwaka 2001 mji huohuo ukatambuliwa kuwa wa kwanza duniani kwa kulinda giza lake. Ufaransa, ambayo mhandisi angeiita iliyoshiba, iliamuru madirisha ya maduka yazimwe saa saba usiku kuanzia Julai 2013 tu. Namibia, nchi ya Afrika kama sisi, ilipata hifadhi ya NamibRand kutambuliwa kwa giza lake mwaka 2012. Maradhi ya wenye nazo yamefikaje jangwani?

Imebaki hoja nzito, ile ya mwenye hosteli: usalama. Hii siichezei. Mama anayekwenda chooni usiku huko Rubondo anahitaji taa kuliko anavyohitaji mhadhara wangu. Lakini je, mwanga ukizidi na usalama unazidi? Utafiti uliochapishwa 2015 uliangalia halmashauri 62 za Uingereza na Wales zilizopunguza au kuzima taa za barabarani, na haukuona ushahidi kwamba uhalifu au ajali ziliongezeka. Kwa upande wa pili, jaribio la mwaka 2016 huko New York liliweka minara ya taa katika makazi ya umma, na makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yakapungua kwa kama 36%. Mizani inayumba. Mtu mwadilifu angesimama hapo. Mimi nasonga mbele, mtanisamehe, kwa sababu New York walipima kiasi cha mwanga, hawakupima unakotazama.

Na huko ndiko kwenye mambo. Jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na kiwi kifupi tu hukurudisha nyuma. Simameni chini ya nguzo ya sola inayomwaga mwanga pande zote, kisha mtembee kuelekea nyumba zisizo na taa. Hatua ya kumi na mbili mmekuwa vipofu. Aliyejificha nyuma ya mgomba anawaona vizuri sana, mmeangazwa kama wacheza ngoma, ninyi hamumwoni. Taa ile imemsaidia nani?

Anayebisha kwamba mwanga unaoelekezwa ovyo huvuta visivyoalikwa aende Masaka mwezi wa Novemba, msimu wa senene. Mabati yamesimamishwa wima juu ya mapipa, balbu za wati 400 zimewashwa, majani mabichi yanafuka moshi chini. Senene wanashuka kama mvua, wanagonga bati, wanateleza, wanajaa pipani. Wategaji macho mekundu. Ile ni biashara na ina tija yake, wala siichukii. Sahani ya senene nikiletewa siirudishi. Lakini kile tunachokifunga juu ya hosteli hakipungukiwi na kitu cha mtego ule ila pipa. Na Ziwa Nakivale limo katika ardhioevu ya Mburo na Nakivale, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Wadudu wake ni chakula cha ndege na samaki wake.

Pendekezo langu ni dogo kiasi cha kunitia aibu kuliita nadharia: kila taa ya nje ivae kofia ya bati, isionyeshe balbu yake kwa mtu aliyesimama mbali, na LC1 wa mtaa, au makazini RWC, baraza la wakimbizi wenyewe, wawe na neno la mwisho. Nililibeba wazo hili miaka kadhaa nikiamini ni langu.

Mwezi wa nne, mvua zikinyesha, nilikuwa Base Camp jioni. Mama mmoja wa Kongo alikuwa akikaanga chapati chini ya balbu ndogo ya sola. Kuizunguka balbu alikuwa ameviringisha kopo la mafuta ya kula lililokatwa kwa mkasi, kingo zake zimekunjwa ndani zisimkate. Mwanga ulianguka kwenye karai na kwenye mikono yake tu. Wateja walisimama kando, nyuso zao zikionekana vizuri, na nyuma yao njia ilionekana hadi mbali. Nilifurahi kama niliyeokota hati ya Flagstaff. Nikamuuliza alifundishwa wapi kuzuia mwanga usitawanyike.

Akanitazama, akageuza chapati.

"Mwalimu, ni juu ya kumbikumbi," alisema. "Walikuwa wananiangukia ndani ya mafuta."