Tamaa na Imani: Ushahidi wa Karema

Neno tamaa lina maana mbili zinazovutana. Aliyekata tamaa amepoteza matumaini. Aambiwaye "tamaa mbele, mauti nyuma" anaonywa dhidi ya uroho. Kiswahili hakikuzitenga nguvu hizo. Kinamwachia msikilizaji aulize ni imani gani inayoiongoza tamaa yenyewe.

Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, magharibi ya Mpanda, inatoa ushahidi. Mwaka 1879 Kapteni Cambier alijenga ngome hapo kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoasisiwa mwaka 1876 na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Jumuiya ilitangaza kukomesha utumwa. Mfalme aliamini katika kumiliki, na Kongo yake ikatawaliwa kwa shokoa na mauaji.

Mwaka 1885 ngome ilikabidhiwa Mapadri Weupe. Mwaka 1889 alifika Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Mali, aliyeuzwa utumwani utotoni, akakombolewa na mapadri hao, akasomea utabibu Malta. Aliwahudumia wagonjwa wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956.

Wote wawili walitamani makubwa, na wote walihusishwa na neno ukombozi. Kwa Leopold lilikuwa pazia. Kwa Atiman, deni la kulipwa kila siku.