Pombe na Huzuni: Maswali Utakayoulizwa Zahanati

Leo tuzungumze juu ya pombe na magonjwa ya akili.

Mama wengi huleta mtoto mwenye kikohozi, akatibiwa, na ni wakati wa kutoka tu ndipo mama husema kwa sauti ya chini: "Sista, baba watoto haamki bila changaa." Neno hilo usiliweke hadi mlangoni. Liseme mwanzo, tuna muda nalo.

Mgonjwa akija mwenyewe, anaweza kuulizwa maswali 10. Hunywa mara ngapi? Gilasi ngapi kwa siku? Je, asubuhi ni lazima apate kidogo, ile wanayoita kutoa loki? Asidhani anahojiwa na polisi. Maswali haya yalitayarishwa na Shirika la Afya Duniani miaka ya 1980, baada ya utafiti wa wagonjwa wa vituo vya kawaida vya afya katika nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Kila jibu lina alama. Jumla ikifika 8 kati ya 40, unywaji huo tayari ni hatari.

Tutauliza pia juu ya usingizi, hamu ya chakula, na kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Mwenye huzuni nzito hunywa ili alale, na pombe nayo huzidisha huzuni. Tukitibu pombe peke yake, mgonjwa hurudi pale pale.

Sasa sikilizeni vizuri. Anayekunywa sana kila siku usimfungie chumbani ili aache ghafla. Katika siku tatu za kwanza anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuona vitu visivyokuwapo, hata kushikwa na kifafa. Wengine hufa. Mpeleke hospitali, kuna dawa za kumtuliza pombe inapotoka mwilini. Wala usimtilie dawa ya kuacha pombe katika chai bila yeye kujua, hata jirani akikuapia kwamba ilimsaidia wake. Akinywa pombe juu ya dawa hiyo, moyo unaweza kushindwa.

Na akikataa kabisa kuja? Njoo wewe. Tutaanza na wewe: unalala? Unapigwa? Watoto wamekula?