Mkono Kwanza, Ngoma Baadaye
Mhadhara wa umma kuhusu vitendo na sherehe katika darasa la kwanza



Nianze na hesabu ndogo: saba jumlisha tano. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekaririshwa atajibu "kumi na mbili" upesi kama anavyotoa shikamoo. Mwulize kwa nini, atakutazama tu. Sasa mpe visoda, saba huku na vitano kule, umwache avichezee. Punde ataona kwamba akihamisha vitatu kutoka fungu dogo kwenda fungu kubwa, anapata kumi kamili na viwili vinabaki. Hapo kidole chake kimeugusa msingi wa hesabu zetu zote za makumi, na hatausahau.

Hoja yangu jioni hii ni moja. Sherehe ya shule ina maana pale inapoonyesha kazi ambayo mkono wa mtoto umeifanya na akili yake imeielewa. Ngoma isiyo na kazi nyuma yake ni kelele.

Nimeichagua Kewanja kuizungumzia hoja hii kwa sababu hapa mkono una soko. Kijiji hiki cha Nyamongo, wilayani Tarime, ni miongoni mwa vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mtoto anayekulia jirani na mgodi hujua mapema kwamba jiwe husagwa, huoshwa, hupimwa na huuzwa. Hujua pia kwamba pesa inaweza kupatikana kabla ya cheti. Shule inayomkalisha kimya mbele ya ubao kutwa nzima inashindana na mawe, na mawe yatashinda. Lakini mpe mtoto huyohuyo ubao na kamba atengeneze mizani, mpe changarawe, mchanga na maji, umwulize kipi kitazama kwanza na kwa nini. Ataanza sayansi kutoka pale aliposimama.

Kuna pia suala la lugha. Wengi wa watoto hawa huamka na Kikuria, wakafika shuleni wakakuta Kiswahili. Mwalimu akisema "duara", neno linapita juu ya vichwa. Ila mtoto aliyekwisha kufinyanga mdomo wa chungu kwa udongo wa mtoni analijua duara. Anachokosa ni jina lake tu. Kwa hiyo kitu kitangulie, neno lifuate. Alikeni darasani mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Wakuria. Watoto wahesabu nyuzi zake nane, wazigawe nne kwa nne, wasikie jinsi uzi unavyopandisha sauti ukikazwa. Kesho yake watengeneze malitungu yao kwa makopo na mipira. Wamehesabu, wamepima, wamesikiliza, na kila neno jipya la Kiswahili limepata pa kukaa.

Haya si mageni katika mkoa huu wa Mara. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967 akitaka shule iwe na shamba au karakana, kazi na masomo viende pamoja. Novemba 1974, hapo Musoma, chama cha TANU kikaazimia kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Mawazo hayo mawili, la mkono na la umati, yalikutana darasani, na umati ukashinda. Shamba lilibaki, lakini katika shule nyingi jembe liligeuka adhabu ya mchelewaji. Tusidanganyane: mtoto aliyelima matuta kumi bila kuulizwa tuta moja linabeba miche mingapi hakujifunza kwa vitendo. Ametumikishwa.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yalifurika tena. Najua mwalimu aliye mbele yangu anajiuliza: watoto mia moja, nitawezaje? Visoda havina bei, hata mtoto mdogo huviokota. Kazi iko kwenye mpangilio: makundi, kona za kujifunzia, zamu. Kundi moja likae na mwalimu, jingine lihesabu, jingine lifinyange, kisha wabadilishane. Kutakuwa na kelele, na hapa nawaomba walimu wakuu na wadhibiti ubora wa shule wavumilie. Wasimame mlangoni wasikilize watoto wanabishana juu ya nini, kabla ya kuuliza kwa nini hawajanyamaza. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unadai umahiri, na umahiri hauonekani kwa mtoto aliyefunga mikono.

Sasa nije kwenye sherehe. Wazee wetu walipiga ngoma baada ya mavuno, baada ya nyumba kuezekwa. Sisi tumeleta mahafali ya watoto wa awali yenye majoho ya kukodi, keki na mshereheshaji, na ngonjera aliyoitunga mwalimu. Mzazi ameuza kuku alipie picha, na anarudi nyumbani bila kujua mwanawe anaweza nini.

Kalenda imetupa siku nzuri zaidi. Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakikataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans. Siku hiyo watoto wapange mezani vitu walivyotengeneza, kila kimoja wakitaje kwa Kikuria na kwa Kiswahili. Tarehe 15 Septemba ni Siku ya Mara, siku ya Mto Mara. Wajenge mto huo uwanjani kwa udongo, kutoka msitu wa Mau, kupitia Serengeti, hadi Ziwa Victoria. Ukingo mmoja wapande majani, mwingine wauache mtupu, kisha wamwage maji. Ukingo utakaobomoka utawafundisha kuliko hotuba ya mgeni rasmi.

Na mwisho wa mwaka, badala ya joho, wekeni madawati. Kila mzazi, kila bibi, hata asiyejua kusoma, akae karibu na mtoto wake. Mtoto amwage visoda mezani, saba huku na vitano kule, amfundishe. Bibi akiuliza "kwa nini?", na mtoto akasogeza vitatu akamwonyesha, hapo pigeni vigelegele.